Kumtafuta Mtu Bila Kumtaja

Safari yangu ya Osaka ilianzia mbele ya kiti cha baba. Alikuwa ameketi nje ya nyumba, blanketi mbili mabegani, ingawa jua la saa tano lilikuwa limeshachoma nyasi zote za nyuma ya Isinya. Kifua chake kilikuwa kinalia kama lango la boma lisilotiwa mafuta. Nikampa kichwa. Kwetu Wamasai mtoto hamsalimii mzazi kwa mkono. Anainama, mzazi anamgusa utosini kwa kiganja, basi, salamu imekwisha. Nina miaka arobaini na kitu na nywele zimeanza kurudi nyuma, lakini mbele ya baba bado nainama. Siku hiyo aliuacha mkono wake juu yangu kwa muda mrefu.

"Mlete," akasema.

Hakusema nani, na hakuna aliyeuliza.

Ndugu yangu mkubwa, kifungua mimba wa nyumba yetu, alikwenda Japani kufanya kazi kwenye yadi ya kuvunja magari makuukuu. Magari ya aina hiyo hiyo, yale yanayosalimika, ndiyo yamejaa Kitengela siku hizi. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Baadaye akawa anapiga akikumbuka. Kisha miaka ikapita bila simu, na namba yake ikawa inajibiwa na sauti ya mashine. Mama hakusema kitu. Alianza tu kumwita "yule." Yule alikuwa anapenda maziwa ya mgando. Yule ndiye aliyeichimbia hiyo nguzo. Mtu akifa, sisi hatulitaji jina lake tena. Kwa hiyo mama alipoacha kulitaja, nasi tukaacha, mmoja mmoja, bila kukaa kikao. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyenyoa nywele za msiba. Lakini jina lilikuwa limetoka bomani.

Baba alitaka kuwabariki wanawe kabla kifua hakijafunga. Baraka inaanza kwa wa kwanza. Kumruka ni kukubali kwamba hayupo. Akasema atangoja hadi mvua fupi. Mvua ikinyesha kabla mwanawe hajapatikana, tutanyoa vichwa, na wa pili atasimama mahali pa wa kwanza.

Wa pili ni mimi. Na mahali hapo si pa heshima tu. Ni boma, ni ng'ombe, ni kukaa. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuhama, na sijaacha. Nimepanga Rongai, nikapanga Tuala, nikahamia Nkoroi, nikarudi Kitengela, nikaondoka tena. Nikishaizoea njia ya kwenda dukani naanza kuangalia nyumba nyingine. Nimeuza nyasi za ng'ombe, nimejenga nyua za waya za watu wanaogawanya mbuga yetu vipande vipande, nimelinda godauni. Ndiyo maana wadogo zangu walicheka jina langu lilipopendekezwa. Mama hakucheka.

"Hiyo miguu yako imetusumbua miaka yote," akasema. "Sasa iende ikafanye kazi."

Jirani yetu anayeagiza magari ndiye aliyezungumza na watu wake wa Osaka, wakanialika, nikapata visa ya mgeni ya miezi mitatu. Alichojua kuhusu ndugu yangu kilikuwa kidogo: alimwona mara ya mwisho katika mtaa unaoitwa Ikuno, akiwa na afya.

Nilipanda lori la nyasi hadi Mlolongo, na kutoka hapo rafiki akanifikisha uwanjani. Doha nilikaa usiku kucha kwenye kiti cha chuma, nikiogopa kulala nisije nikaachwa. Ndege ya pili ilienda hadi nikaacha kuamini kwamba chini kuna ardhi. Asubuhi ilikuja, ikaisha, na bado tulikuwa angani. Tulipotua nilikuta uwanja wenyewe uko baharini, kwenye kisiwa walichokijenga kwa kumwaga udongo, na treni ikanipitisha juu ya daraja refu lililonyooka kama waya wa ua. Kwenye mkoba nilikuwa na picha ya ndugu yangu, shuka moja, na viatu vya tairi ambavyo mama alivituma ili yule asije nyumbani na viatu vya kigeni.

Nilifikia Nishinari, upande wa kusini wa jiji. Ni mtaa wa wanaume wazee waliojenga hilo jiji kwa vibarua na sasa wamechoka, wanakaa kwenye vyumba vidogo vyenye mikeka mitatu ya nyasi, mlango kwa mlango. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa bibi kizee, kiuno chake ni cha mtoto wa darasa la nne. Alipofungua mlango aliinamisha kichwa mbele yangu, chini kabisa, akakaa hivyo.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Nilimgusa utosini.

Alinyanyuka polepole akanitazama. Nilitamani sakafu inimeze: nimemshika kichwa bibi wa watu kama mtoto wangu, na sijaingia hata ndani. Akachukua simu yake, akaizungumzia, na simu ikanena kwa Kiswahili safi cha mhubiri: "Mheshimiwa mgeni, je, kuna mdudu katika nywele zangu?"

Nilitikisa kichwa. Bibi akacheka hadi akashika ukuta. Tangu siku hiyo, kila nikitoka asubuhi, alikuwa akiinama na kujipigapiga utosi, kunitania.

Nilianza kazi kwa namna ninayoijua. Ng'ombe akipotea, humfuati mbio. Unaenda mahali ambapo lazima anywe maji, unakaa, unamsalimia kila anayepita, unampa habari zako na kupokea zake: mvua, majani, wagonjwa, watoto. Neno la ng'ombe linakuja mwisho. Ukilitanguliza, mtu ataona huna adabu, na asiye na adabu haonyeshwi njia. Swali langu la kwanza katika Osaka likawa hilo: mtu wetu akiwa hapa, anakunywa maji wapi?

Kuna treni inayozunguka jiji kama ukanda. Haianzi popote wala haiishii popote. Nilikuwa nikiipanda asubuhi na kushuka mahali popote pua iliponiambia. Tsuruhashi, kwenye mpaka wa Ikuno, iliniambia mapema. Mlango wa treni ukifunguka tu unakutana na moshi wa nyama choma, na nilisimama pale nikalengwalengwa na machozi, maana harufu ile ilikuwa ya Kitengela Jumamosi jioni. Mtaa mzima uko chini ya paa, vichochoro vyembamba, wanawake wenye asili ya Korea wanauza kabichi zenye pilipili na vitambaa vya harusi. Nikasema: mla nyama hawezi kupita hapa bila kusimama.

Nilikaa. Nilisalimia. Mwenye bucha mmoja alijua Kiingereza, akavumilia habari zangu zote, ukame, kifua cha baba, mpaka nikafika kwenye picha. Aliitazama muda mrefu mno kwa mtu asiyejua kitu. Kisha akasema hajui, akaanza kufuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Siku chache baadaye nilirudi. Nyuma ya soko kulikuwa na nyumba ya mbao yenye vyumba vya kupanga, na mlangoni, kwenye kivuli, niliona fimbo. Fimbo yetu: iliyonyooka, imechongwa kwa kisu, imepakwa mafuta hadi ikang'aa. Nilipiga hodi mpaka jirani akatoka akanionyesha kwa mikono kwamba mtu amehama. Lini? Akalaza shavu kwenye kiganja, mara moja. Jana. Fimbo ameisahau.

Niliichukua. Nilishuka nayo mitaani kama mwizi. Yuko hai. Yuko hai na amehama jana.

Kuanzia hapo jiji lilibadilika. Kabla ya hapo nilikuwa mtu anayetembea, na Mungu anajua nilifurahia kutembea. Nilipotelea chini ya ardhi kule Umeda, kwenye maduka yasiyo na juu wala chini, nikatokea upande mwingine wa jiji, kisha nikaingia Nakazakicho penye nyumba kuukuu za mbao na maua kwenye ndoo, kukiwa kimya hadi unasikia mtu akikoroga chai ndani. Nilipita kule Tenma kwenye soko la paa moja ambalo ukilianza asubuhi unalimaliza una njaa. Siku moja gari liliwashwa kando yangu, na ndani sauti ya mwanamke ikasema yale maneno ambayo kila gari la Kitengela husema likiwashwa, na ambayo hakuna kwetu anayejua maana yake. Nilisimama kama nimeitwa na shangazi. Miaka yote tumeendesha na mwanamke huyu, na hapa ndipo kwao.

Sasa nilitembea nikitazama migongo. Kila Mwafrika niliyemwona nilimfuata, nikamsalimia, nikampa habari, nikatoa picha. Wengi walisikiliza nusu tu. Karibu na Kyobashi kijana wa Ghana alinikatiza, akasema ana haraka, kisha nikamwona amesimama kona akipiga simu huku akiniangalia. Kule Namba, penye taa nyingi na umati unaokubeba, mtu aliniambia aliwahi kumwona kwenye mkahawa fulani. Nikaenda. Mpishi akasema kweli, mwenzenu alikuwa akiosha vyombo hapa, aliacha juzi bila kuaga.

Ilikuwa kama kumfukuza swala ndani ya bustani ya mtu mwingine. Nikifika, majani bado yanatikisika.

Mama alikuwa akipiga simu Jumapili. Alikuwa haulizi moja kwa moja.

"Umekula?"

"Nimekula, yeyo."

"Huko kuna mawingu?"

"Kuna joto tu. Wadudu wanalia mitini mchana kutwa. Huko kwenu?"

"Huku kumeanza kuonekana mawingu, upande wa Ngong." Nyuma yake nilimsikia baba akikohoa. "Baba yako ameomba wembe uwekwe karibu."

Nilizima simu nikakaa kwenye mkeka nikiwa nimeshika ile fimbo. Na nikisema kweli, sikumwaza baba peke yake. Niliwaza boma. Niliwaza asubuhi zote zilizobaki za maisha yangu nikifungua lango lile lile.

Jioni moja ya Septemba miguu ilinikatalia. Nilikuwa karibu na Shinsaibashi, na huko, ghorofani juu ya duka la viatu, kuna saluni ya mwanamke kutoka kwetu Kenya, Mluhya wa Kakamega, mwenye sauti ya kuita kuku. Nilikuwa nimewahi kufika kwake mwanzoni. Alinipa chai, akaitazama picha, akasema hamjui, akanifungulia mlango. Safari hii nilipanda ngazi kwa sababu tu alikuwa na feni.

"Aki huyu amerudi," akawaambia wasichana wawili waliokuwa wakisukwa. "Mmasai, bado hujapata ng'ombe wako?"

"Bado, dada."

"Kaa hapo. Lakini usianze kuuliza watu habari za mvua. Unanifukuzia wateja."

Wasichana walimaliza, wakalipa, wakashuka wakinipita mbali. Yeye akanitazama kwenye kioo.

"Hebu ona kichwa. Unakaa kama ufagio wa stendi. Njoo nikunyoe, ni bure, angalau ukitembea na hiyo picha yako usiogopeshe watoto."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliketi kwenye kiti chake bila kufikiri. Alinifunga kitambaa shingoni. Mashine ikalia. Nilihisi chuma kikigusa juu ya sikio, na mkono wangu ukamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu, hadi mashine ikaanguka.

"Usininyoe!"

"We! Una wazimu?"

"Usininyoe, tafadhali. Bado hajafa."

Aliiokota mashine akaiweka mezani taratibu, akarudi nyuma hatua moja. "Nani hajafa?"

Nikamwambia. Baba, kifua, wembe, mvua. Nikamwambia kwamba tukinyoa tumemzika, na kwamba mimi ndiye wa pili. Nilisema yote kwa mkupuo, bila salamu wala habari za majani, na nilipomaliza alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Ngoja," akasema. "Wewe ni ndugu yake? Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

"Na si wa uhamiaji?"

"Uhamiaji gani?"

"Woi! Jamani!" Akapiga makofi mara moja. "Bwana, Waafrika wote wa hapa wanakukimbia. Mtu mrefu anazunguka na picha, anasalimia nusu saa, anauliza wazazi, anauliza afya, halafu anatoa picha, na jina hasemi. Hata mara moja hasemi jina! Mimi nilikuuliza hapa hapa, anaitwa nani? Ukaniambia 'huyu.' Nani anamtafuta ndugu yake bila jina? Hiyo ni kazi ya polisi."

Miezi miwili nilikuwa nimetembea jiji zima na jina moja limelala chini ya ulimi, na sikujua kwamba nimelificha. Nilikuwa nimelizoea hivyo. Nilikuwa nikisema ndugu yangu, yule, huyu wa kwenye picha.

"Sasa sema," akaniambia. "Anaitwa nani?"

Nilijua ni upuuzi. Nilihisi kwamba nikilitamka na kumbe amekufa, nimemwita kutoka alikolala, na kama yu hai nitakuwa nimemwita kama marehemu. Nikalisema, kwa sauti ya chini, jina lake na jina la baba.

Aliinamisha uso akashika paji. "Huyo! Huyo mbona ni mtu wangu. Nampunguzia ndevu hapa kila mwezi. Lakini hiyo picha ni ya enzi gani? Huyu ni mwembamba kama mwiko. Wako sasa ni mnene, ana ndevu mpaka hapa." Kisha akaacha kucheka. "Hana karatasi. Zilikwisha miaka mingi. Umemhamisha nyumba tatu, wewe mtu."

Alimpigia mbele yangu, kwa sauti ya chini, akiwa amenipa kisogo. Nilisikia tu, "Nakuapia. Ana meno kama yako." Akakata. "Jumapili asubuhi. Kivuko cha Senbonmatsu. Yeye atakuwa ng'ambo, upande wa Taisho. Akiona mtu mwingine na wewe, anaondoka. Na ukitoa hiyo picha nitakuja kukunyoa mwenyewe."

Kivuko hicho kiko mwisho wa Nishinari. Ni mwendo ambao ningeufanya kila siku kwa miguu kabla ya chai. Ni boti fupi ya manispaa, haina nauli, inavusha watu na baiskeli zao juu ya maji ya viwandani, na juu yake kuna daraja ambalo barabara yake inazunguka kila mwisho kama bangili za mkononi, ikipanda ili meli zipite chini. Jumapili hiyo kulikuwa na wazee watatu na mama mwenye kikapu. Nilisimama mbele, fimbo mkononi.

Ng'ambo niliona mtu na baiskeli. Mnene, kofia ya kazi, ndevu. Sikumjua. Nilimtafuta ndugu yangu ndani ya mtu yule nikamkosa. Kisha nyuma yake, kwenye barabara ya ukingoni, likapita gari jeupe lenye maandishi ubavuni, polepole. Labda lilikuwa la kampuni ya usafi. Yeye hakungoja kujua. Aligeuza baiskeli, akaweka mguu kwenye pedali.

Boti ilikuwa katikati ya maji. Kule watu hawapigi kelele, hata mtoto akianguka. Nilijaza kifua nikaita jina lake.

Mama wa kikapu aliruka nyuma. Nikaita tena, kama tunavyoita jioni mtu akiwa ng'ambo ya korongo na mifugo, lile jina refu lenye mkunjo mwishoni, na chini ya daraja la bangili likajirudia. Mtu wa baiskeli alisimama. Hakugeuka mara moja. Mabega yake ndiyo yaliyogeuka kwanza, na hapo ndipo nilipomjua.

Nilipofika hakunikumbatia. Alitazama ile fimbo.

"Hiyo ni yangu, lalashe," akasema. Ndugu yangu. "Niliisahau kwa sababu yako."

"Nilikuwa nakuletea."

"Waliniambia watu wa uhamiaji wana Mwafrika wao siku hizi, mrefu, mpole sana, anauliza mpaka habari za ng'ombe. Nikasema hawa jamaa wamekuwa wajanja." Alicheka, kisha uso ukakunjamana akautazama mto. "Mbona hukusema jina?"

"Nyumbani hatulisemi."

"Najua," akasema.

Tukakaa kwenye ngazi za saruji. Akanieleza. Karatasi zilipokwisha aliona aibu, akanyamaza, akitaka kwanza mambo yanyooke. Hayakunyooka. Mwaka mmoja akapiga simu nyumbani kwa namba mpya. Mama ndiye aliyepokea. Akamwambia, mimi ni fulani. Mama alinyamaza, yeye akawa anasikia pumzi zake tu, kisha simu ikakatwa. Ndugu yangu alifahamu kwamba nyumbani ameshahesabiwa amekufa. Alikaa siku nzima chumbani Ikuno akijipapasa kichwa.

"Mtu ambaye kwao wameshamnyolea vichwa hapigi simu mara ya pili," akasema. "Anawatisha watu."

"Hatujanyoa. Wembe uko mezani. Baba anakungoja."

Nikapiga simu nikiwa nimeiweka kwenye spika. Kule kulikuwa alfajiri, nilisikia ndama. Mama akaitika. Nikampa ndugu yangu ile simu, naye akaitazama kama inaungua.

"Yeyo," akasema.

Kimya. Kile kile, nadhani. Alikuwa amefumba macho, na kidole chake kilikuwa kimeshakaribia kitufe ili akate yeye kabla ya kukatwa. Kisha mama akalisema jina. Alilisema vibaya, kwa sauti iliyopasuka, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika. Akalisema tena.

Baba akachukua simu. Hakusalimia.

"Unakuja?"

Ndugu yangu angeweza kudanganya. Nilimwona akilipima hilo. "Hapana, papa. Nikitaka kutoka lazima nijipeleke kwao wenyewe, waniweke, wanichunguze. Ni miezi. Sijui ni mingapi."

Tulisikia kifua cha baba, lango likifunguka na kufungwa. Kisha mama akasema baba amechoka, na simu ikakatika.

Siku zilizobaki zilikuwa mbaya kuliko zile za kutafuta. Kila jioni nilivuka, akanitembeza Taisho anapokaa kwa fundi mmoja mzee, kati ya watu waliotoka visiwa vya kusini na ngoma zao, na tukala tambi tukiitazama simu. Baba hakupiga. Mama alisema ameketi tu, ameangalia Ngong, hazungumzi. Mtu asiyeweza kuja anahesabiwa vipi, yuko au hayupo? Hakuna aliyejua. Ndugu yangu alivaa viatu vya tairi ndani ya chumba, akavivua, akavirudisha kwenye mfuko.

Siku ya kuondoka yule bibi aliinama mlangoni, chini kabisa, na safari hii hakujipiga utosi. Alingoja. Nikamgusa. Simu yake ikasema, "Hakuna mdudu."

Nilivuka mara ya mwisho na mkoba wangu. Ndugu yangu alikuwa kwenye ngazi, amevaa vile viatu. Hapo simu yangu ikalia.

"Yuko hapo?" Ilikuwa sauti ya baba.

"Yuko, papa."

"Jana usiku kumenyesha. Kidogo. Nimesema hiyo si mvua, ni umande." Akakohoa kwa muda. "Avue kofia. Ainame."

Ndugu yangu akavua kofia, akainama pale ukingoni. Watu wa baiskeli wakapita kando.

"Sasa wewe weka mkono juu ya kichwa chake."

"Papa, ni mkubwa wangu." Mdogo hamgusi mkubwa wake utosini. Ni kumtukana.

"Nani amesema ni mkono wako? Ni wangu. Wewe umeubeba tu."

Nikaweka. Nywele zake zilikuwa na mvi na joto la jua. Baba akaanza, kwa pumzi fupi fupi, kumwita Enkai, Mungu wetu, juu ya miguu yake, juu ya njia zake, juu ya nchi ya wageni anayolala, na kila alipotua, mimi na ndugu yangu tukaitika, "Naai." Mama naye akaitika kutoka kule. Kisha tukasikia mate ya baraka, fyu, kama inavyopasa, halafu mama akigomba, "Umelowesha simu! Simu ya watu!" Ndugu yangu akacheka akiwa bado ameinama, na bega lake likatikisika mpaka mkononi mwangu, na sikujua ni lini kicheko kiligeuka kilio.

"Wa kwanza amebarikiwa," baba akasema. "Wembe urudi kabatini. Na wewe wa pili, njoo. Wewe sikubariki kwa simu. Kuna mtu lazima akae mahali pake mpaka arudi."

Sikuwa wa kwanza, na bado lango lile lilikuwa langu. Niliangalia daraja, niliangalia boti ikigeuka. Nilijua sitarudi Osaka kamwe.

Hakunisindikiza hadi kituoni, kuna kamera nyingi. Alishika fimbo yake. "Huo mkono usiuoshe mpaka ufike," akasema.

"Na chooni?"

"Tumia wa kushoto."

Nilivuka. Alipoonekana mdogo kabisa ng'ambo niliita jina lake, na mama wa kikapu, ambaye sasa alikuwa amenizoea, hakushtuka. Ndugu yangu akaitika kwa kupandisha fimbo. Treni ikaniokota, ikapita migongo ya nyumba ambazo nilizijua moja moja, nguo kwenye vibaraza, ikaingia darajani. Nikakaa na mkono wa kulia gotini, kiganja juu, nikiangalia usiguse kitu.